Naomba ushauri: ukingo wa soketi za RJ45 unabanduka

Wakuu habari. Nachora kisanduku cha ukutani cha soketi 6 za RJ45 (za waya wa mtandao wa kompyuta), zile za kupachika, nakichapa kwa printa ya 3D hapa Tanga. Tundu nimeacha milimita 14.5 kwa 16. Soketi inaingia vizuri, inalia "ta!", lakini nikichomeka na kuchomoa waya mara kumi hivi, ukingo unaoshika ule ulimi wa plastiki unabanduka tabaka kwa tabaka. Natumia plastiki ya PLA, na chumba chenyewe kina joto balaa.

Nihamie plastiki ya PETG au ninenepeshe ukingo? Nyuma nako pamebana: waya wa mtandao wa Cat6 hautaki kukunjwa ovyo, na jozi za nyuzi zilizosokotwa ndani yake sitaki kuzifumua kupita milimita 13. Aliyewahi kutengeneza anipe vipimo, hata mchoro wa kalamu unatosha.