Mita moja, vyumba kumi na viwili: msaada wa stima upitie wapi?

Ninaleta swali. Tuseme serikali imetenga hela za kuwasaidia watu wa kipato cha chini kulipia stima na kupikia. Zigawanywe kwa kaunti, kila moja kwa kiasi cha umaskini wake, au zimfuate mtu popote anapolala? Niseme mapema nilipo: nimepanga chumba mtaa wa Pipeline, Embakasi, na nikisikia "kaunti maskini" najua Nairobi haimo.

Msaada wa aina fulani tayari upo, ila hauitwi msaada. Tangu Aprili 2023, anayetumia yuniti zisizozidi 30 kwa mwezi, kwa wastani wa miezi mitatu, hulipishwa bei ya chini kabisa. Mpango ulipoanza, bei ya msingi ilikuwa kama shilingi 12 kwa yuniti, na kwa aliyepita 100 karibu shilingi 21, kabla ya kodi na nyongeza. Vizuri. Sasa njoo kwenye ploti yetu: vyumba kumi na viwili, mita moja. Kila chumba kina balbu mbili, redio, simu za kuchaji, pengine TV. Weka yuniti 15. Mita inasoma 180, na kompyuta inatuona sote kama tajiri mmoja mwenye hita ya maji. Kumbe Kilimani, mtaa wa wenye nazo, yupo mwenye fleti anayoilalia siku nane kwa mwezi, na mita yake peke yake, anauziwa bei ya maskini. Simlaumu, hakuomba.

Ndiyo maana nasema: mita si nyumba, na kaunti pia si nyumba. Nipingeni.

Wa Lodwar, sasa Kayole:
Pole kwa mita yenu, lakini mnayo. Kwetu Turkana kuna manyatta ambapo simu inapelekwa kuchajiwa kwa mwenye sola, ukarudi kuichukua jioni. Nenda Loiyangalani kule Marsabit uone ajabu: mitambo 365 ya upepo, megawati 310, na nyaya zinazosafiri zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa. Upepo ni wa kule, mwanga ni wenu, na bado mnagombania bei. Katiba, kifungu cha 204, imeweka Hazina ya Usawazishaji: nusu asilimia ya mapato ya serikali ya kitaifa kila mwaka, kwa ajili ya maji, barabara, afya na stima huko kulikoachwa nyuma. Walioiandika walijua kwamba hela ikiachiwa ifuate watu, itakwenda palipo na watu wengi. Mkisema imfuate mwenye mita, kwetu itafuata nini? Ngamia?

Msimamizi wa ploti, Zimmerman:
Ndugu mwanzisha mada amesema kweli nusu. Hata mkipunguziwa bei kwenye mita, mpangaji haoni kitu. Landilodi ndiye ananunua tokeni, yaani stima ya kulipia kabla, kisha kila chumba kina mita ndogo, au mnalipa bei moja kila mwezi pamoja na kodi ya nyumba. Nimewahi kuuza yuniti kwa bei ambayo sitaiandika hapa. Tokeni zikishuka, nani atamwambia mpangaji? Mita ya kila chumba ingesaidia, lakini mwenye nyumba atauliza nani analipia, na faida ile aiache kwa nini?

Mama Chapo, Mukuru:
Wanaume mnazungumza balbu. Balbu hainisumbui, jiko ndilo linanisumbua. Mwaka 2018 mafuta taa yaliongezewa ushuru wa shilingi 18 kwa lita, eti watu waache kuyachanganya na dizeli. Waliochanganya walikuwa na malori, adhabu ikashukia stovu yangu. Gesi nayo ikawekewa VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16 Julai 2021, ikateremshwa hadi 8 mwaka uliofuata, ikaondolewa 2023. Asante. Lakini aliyeonja hiyo asante zaidi ni anayejaza mtungi wa kilo 13. Mimi ninanunua moto wa leo kwa hela ya leo. Makaa ya mkebe mmoja hayana VAT, na hakuna anayenipunguzia. Mkitaka kunisaidia, msinishushie bei ya kitu ambacho siwezi kukinunua kizima.

Mwanzisha mada:
Mama Chapo, hapo umenifunga mdomo. Nilihesabu yuniti nikasahau sufuria.

Kwa ndugu wa Lodwar nakubali kitu kimoja na kukataa kingine. Nguzo, nyaya na sola ni kazi ya kufanywa mara moja, na lazima ifuate mahali; hapo kaunti zenu zitangulie, sina ubishi. Na msisahau kwamba kila tokeni inakatwa asilimia 5 ya kupeleka stima mashambani. Hata sisi wa mita moja tunaitoa, tena kwa bei ya juu. Ninachokataa ni hela ya kila mwezi kugawanywa kwa ramani. Nairobi ilikuwa na watu milioni 4.4 kwenye sensa ya 2019. Ukichukua wastani wao, Karen ya matajiri inaifunika Mukuru ya mabanda.

Njia ya kumfikia mtu ipo. Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwatumia watu hela, humtumia mzee wa miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi kwa jina lake, bila kuuliza mita ya nani. Ila Pipeline imejaa vijana wa miaka 25, wanaohama kila kodi ikipanda. Hao wataandikwa na nani? Chifu hawajui.

Wa Lodwar, sasa Kayole:
Sawa, mahali kwanza, mtu baadaye. Ila hilo "baadaye" nimelisikia tangu nikiwa darasa la tatu. Hela zote zikiwa kapu moja, yenu ndiyo itatoka kwanza, kwa sababu nyinyi mko karibu na ofisi. Yawe makapu mawili.

Msimamizi wa ploti, Zimmerman:
Vijana ninawajua mimi, si chifu. Nina daftari: chumba, jina, simu, aliyehama lini. Nikiambiwa niliwasilishe nitaliwasilisha. Lakini landilodi atataka kujua linakwenda wapi, maana daftari hilohilo linaonyesha anakusanya kodi kiasi gani kwa mwezi.