Mzee ana kisukari na miguu inakonda: sindano za insulini zitarudisha misuli?

Kitindamimba: Wakuu, habari za humu. Baba ana miaka 71, kisukari aina ya 2 cha muda mrefu, anameza metformini. Tumbo liko vilevile ila mapaja yameisha, na kuinuka kwenye kiti ni mpaka ajishike. Jamaa kaniambia insulini ndiyo hujenga misuli, kwa hiyo tumuombe daktari amwanzishie sindano. Ni kweli au napotoshwa?

SeliHai: Jamaa yako kashika nusu ya habari. Insulini ikinasa kwenye kipokezi cha seli ya msuli, ishara hufika kwenye protini iitwayo Akt, kisha hugawanyika. Njia moja huamsha mTOR, inayosukuma utengenezaji wa protini. Nyingine huizuia protini nyingine, FoxO, isiingie kwenye kiini cha seli kuwasha jeni za atrogin-1 na MuRF1, ambazo kazi yake ni kuzitia alama protini za msuli ili zivunjwe. Uzeeni ishara hii hufifia, kwa mwenye aina ya 2 ndiyo zaidi. Tena kwa binadamu insulini huzuia ubomoaji kuliko inavyojenga. Ujenzi unataka asidi amino (vijenzi vya protini vitokavyo kwenye chakula) na msuli kupewa kazi. Kumwongezea insulini mtu ambaye anayo tele mwilini ni kumpigia kelele kiziwi.

Nesi Mstaafu: Hapo kwenye "anayo tele" umejuaje? Kisukari kikikaa miaka mingi kongosho inayotengeneza insulini huchoka. Kama sukari iko juu, ana kiu, anakojoa sana na uzito unaporomoka, sindano zinamhusu kweli. Kitindamimba, vipimo vyake vinasemaje?

Kitindamimba: Kipimo cha wastani wa sukari wa miezi 3 kilikuwa kizuri, dokta aliridhika. Uzito haujashuka sana, ni miguu tu.

Nesi Mstaafu: Basi hapo sina ugomvi na SeliHai.

Fundi Viungo: Mpeni mazoezi ya nguvu, mara 2 au 3 kwa wiki. Msuli unapokaza huvuta glukosi wenyewe bila kungoja insulini, na baada ya hapo huisikia insulini vizuri zaidi kwa siku moja hadi mbili. Msiseme kazeeka: mwaka 1990 Maria Fiatarone na wenzake kule Boston waliripoti wazee wa miaka 90 hivi walionyanyua uzito kwa wiki 8, na nguvu za miguu zikapanda kwa wastani wa asilimia 174. Aanze na kuinuka na kukaa kwenye kiti kirefu, mtu akiwa karibu, kisha kiti kishushwe. Zile za mwisho zimlemee kidogo, la sivyo anapoteza muda. Kutembea ni kuzuri ila mapaja hayarudi kwa kutembea tu. Na mpime: kuinuka mara 5 bila mikono kukizidi sekunde 15, mwambie daktari.

SeliHai: Na protini, gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, igawanywe kwenye milo yote. Figo zipimwe kwanza.

Kitindamimba: Shukrani wakuu. Sukari haitashuka ghafla akiwa mazoezini?

Nesi Mstaafu: Kwa metformini peke yake ni nadra. Ila angalia vizuri pakiti zake zote za dawa. Kukiwa na glibenklamidi au gliklazidi, inaweza kushuka. Hapo muone daktari kabla hajaanza.