Nilikwenda Kuchaguliwa, Nikakabidhiwa Makubadhi

Mkojani Asiyechoka aliandika:

Assalaam alaykum wanajukwaa. Nimeshuka Mkoani, Pemba, alfajiri hii kwa boti ya usiku, sijalala wala sijala, na kafi langu bado liko begani. Kwa hiyo mtanisamehe iwapo uzi huu utakuwa mrefu kama njia ya kwendea Kisiwa cha Uzi kwa mtu aliyekutwa na maji kujaa. Ninayemzungumzia simtaji, kwa sababu nyote mnamjua, na asiyemjua basi hajawahi kushindana chochote katika visiwa hivi.

Alinikabidhi makubadhi. Nitaeleza, lakini kwanza nataka mlijue hilo.

Tuliitwa Unguja kwa mchujo wa timu ya taifa ya mbio za mitumbwi katika maji makali. Huo ni mchezo wa kushuka mto wenye mawe na maji yanayochemka, ambapo kila mpiga kafi huondoka peke yake, akapimwa kwa saa, na mwenye muda mfupi kuliko wote ndiye mshindi. Bwana yule, aliyesimamia mchujo, akatupanga sote mstari mmoja kama punda wa mashindano, akapuliza filimbi. Isitoshe, siku yenyewe ilikuwa tarehe nane ya mwezi mwandamo, na hakuna mtoto wa pwani asiyejua kwamba siku hiyo ni maji mafu, yasiyojaa wala kutoka sana. Katika visiwa ambavyo bamvua, yaani yale maji makubwa, hupandisha maji karibu mita nne, na ambako mkondo wa pale kwetu Kojani humnyang'anya mtu kafi mkononi, yeye aliona wanaume wa maji makali watafutwe katika maji mafu. Ghuba ilitulia hata nikamwona nzi ametua juu ya maji anajitazama uso.

Nilimaliza wa kwanza. Sijisifu, wa pili alipofika, mimi nilikuwa nimekwisha kulikamua shati, kulianika, na kulivaa tena likiwa kavu. Mpwa wake, ambaye naye mnamjua, alivaa kofia ngumu kisogo kikiwa mbele, akafika ufukweni akikokotwa na boti ya uokozi. Jina lake lilisomwa la kwanza.

Kisha bwana yule akanijia akitabasamu, mkono wa kulia ameunyoosha. Nikaufuta mkono wangu kwenye kikoi ili nimpe kwa heshima. Akanitia makubadhi mkononi. "Nishikie," akasema, akakunja suruali na kuingia majini kupigwa picha na walioteuliwa.

Nilipomuuliza kwa adabu, makubadhi yakiwa bado mkononi, kwa nini jina langu halikusomwa, alinijibu kwamba kafi langu lina upande mmoja, ilhali wanamichezo wa kisasa hutumia kafi la pande mbili. Kwa wakati ule, kitu pekee nilichokuwa nacho kilichokuja kwa jozi kilikuwa makubadhi yake.

Nilisimama nayo robo saa nzima, mbele ya watu. Makubadhi!

Bi Mkandaa alijibu:

Pole sana, mwanangu. Nina swali moja tu: yalikuwa saizi gani?

Maalim wa Mkondo alijibu:

Ndugu Mkojani, hapo kwenye kafi umedhulumiwa waziwazi. Kayaki ndiyo inayopigwa na mtu aliyekaa, kwa kafi la pande mbili. Lakini ipo daraja nyingine ambayo mtu hupiga magoti na kutumia kafi la upande mmoja, kama wewe unavyokwenda kutega. Mashindano ya dunia ya mchezo huu yalianza 1959 kule Treignac, Ufaransa, na daraja hiyo ingalipo hadi leo. Hata hivyo, sijaelewa kwa nini uliyashika hayo makubadhi. Mikono ilikuwa yako.

Mkojani Asiyechoka alijibu:

Maalim, mtu akikutia kitu mkononi ghafla, vidole hufumba kabla akili haijafika. Nilidhani ni salamu. Nilikwisha hata kutamka "ahsante".

Bi Mkandaa alijibu:

Subhanallah, ulimshukuru! Saizi hukuitaja.

Ngalawa ya Fumba alijibu:

Wewe umeshika makubadhi kwa robo saa unatuandikia risala. Mimi nilipotezewa miezi mitatu. Bwana huyo huyo alichomeka miti baharini, akatuamuru tupite baina yake bila kuigusa, na tukafanya hivyo kila asubuhi hadi mabega yakavimba. Baadaye ndipo tulipofahamu kwamba kupita baina ya miti iliyoning'inizwa ni mchezo mwingine kabisa, ule ulioingia Olimpiki ya Munich mwaka 1972 na kurudi Barcelona 1992. Huu wa kwenu haumo hata katika Olimpiki. Tulijifunza kucheza bao kwa ajili ya mashindano ya karata.

Mtazamaji alijibu:

Tuwe wakweli, yakhe. Hata ungeteuliwa, mazoezi ungefanyia wapi? Mto Mwera? Waganda wana Nile pale Jinja. Wazambia na Wazimbabwe wana Zambezi chini ya Victoria Falls. Sisi mto wetu mkali ni mtaro uliopo mbele ya mlango wangu, ambao masika iliyopita ulichukua baiskeli, na mpaka leo hakuna kamati iliyokuja kuupima.

Ngalawa ya Fumba alijibu:

Ungempa baiskeli mpwa wake, angeteuliwa timu ya baiskeli.

Mwana wa Michenzani alijibu:

Nami nauliza jambo dogo: timu ya taifa lipi? Machi 2017 sisi Zanzibar tuliingizwa CAF, shirikisho la soka la Afrika, tukafurahi, Julai mwaka huo huo tukaondolewa. Mtu asikate nauli ya boti kabla hajajua jezi itaandikwa nini.

Mama Mwani alijibu:

Nimesoma uzi wote nikisubiri mmoja wenu aliseme, na hakuna aliyelisema. Mbio hizi duniani zina wanawake. Katika mchujo huo hakuitwa mwanamke hata mmoja, ingawa huku kwetu sisi ndio tunaosukuma mitumbwi iliyojaa mwani mbichi, tukishindana na maji yanayorudi, bila filimbi wala kofia. Kaka yetu alipewa makubadhi. Sisi hata makubadhi hatukupewa.

Maalim wa Mkondo alijibu:

Mama Mwani amesema kweli, na hoja hii ni nzito kuliko iliyofungulia uzi.

Mkojani Asiyechoka alijibu:

Ndugu zangu, naomba turudi kwenye makubadhi.

Ngalawa ya Fumba alijibu:

Mama Mwani, mtumbwi uliojaa mwani mbichi una uzito gani? Nadhani mpwa wake asingeweza hata kuusogeza.

Mama Mwani alijibu:

Asingeweza. Waje wapime wenyewe, lakini waje siku ya bamvua, maji yanapotoka, wasituletee tarehe nane.

Mkojani Asiyechoka alijibu:

Ni saizi 42. Ninayo hapa mfukoni, niliondoka nayo.

Mtazamaji alijibu:

Mama Mwani, bamvua ijayo inaangukia lini? Nataka kuja kutazama, ila itabidi nipate mtu wa kunipakia, kwa kuwa baiskeli ndiyo hiyo.