Naomba ushauri: kijana niliyemlea hayumo kwenye urithi

Jambo yenu wote. Niko Lubumbashi, komini ya Katuba. Mke wangu wa kwanza alifariki, akaniachia watoto wawili. Baadaye nikaoa tena, mahari nikatoa, ndoa ikaandikwa komini. Mama huyu alikuja na kijana wake, kisha tukazaa binti.

Shida ni huyo kijana. Ndiye anayepita kwa wapangaji wa nyumba yangu kila mwisho wa mwezi na kuandika kwenye daftari, faranga kwa faranga. Watoto wangu wakubwa wanapiga simu tu kuuliza pesa zimebaki ngapi. Ila kwa Sheria ya Familia ya Kongo ya 1987, iliyorekebishwa 2016, robo tatu ya mali ni ya watoto wangu wa kuzaa, pamoja na wa kuasili. Mjane yuko kundi la pili la warithi, na wazazi na ndugu zangu. Mtoto wa kufikia hayumo kabisa.

Avoka (wakili) mmoja anasema nimwasili kortini. Mwingine anasema testamenti (wosia) inatosha: niiandike yote kwa mkono wangu, tarehe na sahihi, au niende kwa noteri. Mimi naona ile ya mkono itapotea siku ya matanga yenyewe. Ndugu zangu nawajua.

Tena nyumba tuliijenga na marehemu. Wakubwa wanasema sehemu ya mama yao isiguswe, na sioni kama wanakosea.

Aliyewahi kuasili mtoto wa mkewe: baba mzazi yuko hai ila haonekani, korti inadai nini? Na watoto wakubwa mliwaambia kabla au baada?