Ahadi ya ujenzi au macho ya mama mkwe?

Mama wa Kahawa, Muleba
Bwana asifiwe wapendwa. Mwaka jana tuliahidi 400,000 za mabati ya kanisa, tukatoa 150,000. Sasa malipo ya kahawa yametoka. Tukishalipa vibarua na deni la mbolea, tunabaki na kama 300,000. Mama mkwe ana mtoto wa jicho macho yote mawili, hata uji anamiminiwa maana akimimina mwenyewe unamwagikia mkononi. Mume wangu anasema tumalize ahadi kwanza, Mungu atafungua njia. Na kanisani kila Jumapili wanasoma majina ya wanaodaiwa. Tukianza na mama, tutakuwa tumemwibia Mungu?

Kijana wa Uamsho
Dada, nadhiri ni nadhiri. Mhubiri 5:4-5: heri usiweke kuliko kuweka usiiondoe. Malaki 3:10 nayo iko wazi: leteni zaka kamili ghalani. Toeni kwa imani.

Mzee wa Usharika
Mwanangu, nimehesabu sadaka miaka mingi, na jambo hili linaniuma. Kijana kataja maandiko ya kweli, ila asome na Marko 7:9-13. Walikuwepo watu waliosema mali ambayo ingewasaidia wazazi wao ni Korbani, imewekwa wakfu kwa Mungu. Yesu aliwaambia wanalitangua neno la Mungu. Paulo naye, 1 Timotheo 5:4, anataka watoto waanze kutenda utauwa, yaani ucha Mungu, nyumbani mwao wenyewe.

Hata hiyo Malaki 3, rudi nyuma hadi mstari wa 5: Mungu anawashitaki wanaomdhulumu kibarua ujira wake na wanaomwonea mjane. Nyie mmelipa vibarua kwanza. Hilo nalo ni ibada. Na zaka ya mwaka wa tatu, Kumbukumbu la Torati 14:28-29, iliwekwa malangoni ili Mlawi, mgeni, yatima na mjane wale washibe.

Kusoma majina sikubaliani nako kabisa. Watu wanakopa ili wasiaibike, wakati 2 Wakorintho 9:7 inasema si kwa huzuni wala kwa lazima.

Nendeni wote wawili kwa mchungaji. Mwambieni ahadi iko palepale, mnaomba muda hadi msimu ujao. Sikukuu ya mavuno peleka mkungu wa ndizi, upigwe mnada pamoja na kuku na maharage ya wenzio. Usikae nyumbani kwa aibu.

Kijana wa Uamsho
Mzee, nimeisoma Marko 7. Hapo sina la kupinga. Lakini deni la Mungu lisisahaulike.

Mzee wa Usharika
Halitasahaulika, mwanangu. Ndiyo maana nimesema waende wakaseme.

Muuguzi, Bukoba
Mama, kwa kawaida hupasuliwa jicho moja kwanza, la pili baadaye, kwa hiyo huenda gharama zote zisije kwa mpigo. Kabla hujalipa popote, uliza hospitali ya wilaya kama kuna kliniki ya mkoba ya macho inayokuja karibuni. Mama mkwe aende na dawa zake za presha kama anatumia, maana watampima kabla ya upasuaji.