Ukoo wa Barabara ya Kumi na Nne

IJUMAA

19:42 Da Rehema: Assalaam alaykum ukoo. Nimerudi tena na sitachoka. Zimebaki wiki saba Salim atoke Tanga kwenda Kigali kwa baiskeli. Humu ndani tuko watu 41. Waliotoa ahadi ni wanne. Wanne jamani!

19:43 Da Rehema: Narudia kwa waliolala. Kuondoka Jumatatu tarehe 1 Juni, baada ya Idi Kubwa. Kufika Kigali Ijumaa tarehe 19 Juni, siku ya sikoseli duniani, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Kilomita 1,600 na ushee. Hela yote ni ya watoto wa kliniki ya sikoseli, dawa na kadi za bima. Salim hagusi hata shilingi, chakula na malazi anajilipia.

19:44 Da Rehema: AHADI (nakili, ongeza jina lako, rudisha)
1. Rehema 200,000 ✅
2. Mjomba Lori 100,000
3. Ma'mdogo Nesi 100,000 ✅
4. Kaka Idi (atasema)
5.
6.

19:58 Kibwana: Namba 5 niandike mimi, mbuzi mmoja 🐐

19:58 Da Rehema: Mbuzi yule yule wa harusi ya Mwanahawa?

19:59 Kibwana: Huyo huyo. Bado anakua 😂

20:01 Baba Tatu: 😂😂😂

20:06 Da Rehema: Kama laki ni nzito toeni kwa kilomita. Shilingi 50 kila kilomita. Akimaliza 1,600 umetoa 80,000. Akiishia Segera umetoa hela ya soda na sambusa. Nani hawezi hilo?

20:09 Baba Tatu: Swali langu ni lile lile la siku ile. Kama hela ni za watoto wa hapa Tanga, Kigali kuna nini? Aende Pangani na kurudi mara 16, kilomita si zile zile?

20:10 Kibwana: Na pweza anakula 🐙

20:31 Salim: Shikamooni wakubwa. Nilikuwa barabarani. Baba Tatu, hata mimi niliwaza hivyo. Pangani nakwenda kila wiki na hakuna anayeniuliza. Lakini nikisema Kigali, hata muuza madafu wa Pongwe anaweka panga chini aulize kulikoni. Akiuliza ndipo namweleza sikoseli ni nini. Wiki iliyopita mama mmoja pale kasema mwanawe anavimba vidole vya mikono na miguu tangu ana miezi minane na hajawahi kumpima. Nimempa namba ya Ma'mdogo.

20:32 Salim: Halafu Septemba mwaka jana mashindano ya dunia ya baiskeli yalifanyika Kigali, mara ya kwanza kuja Afrika. Nilishinda kwa kinyozi wiki nzima natazama. Wanapanda kile kilima cha mawe cha Kimihurura, watu wamejaa pande zote mbili wanawasukuma kwa kelele. Nataka safari yangu iishie pale pale.

20:33 Kibwana: Usije ukaoa huko. Mahari yao ng'ombe na ukoo mzima tuna mbuzi mmoja

20:40 Ma'mdogo Nesi: Salim, umeshapima?

20:41 Baba Tatu: Tena ng'ombe wao wale wa pembe ndefu. Atampakia wapi, kwenye keria? 😂

20:41 Kibwana: Anakaa mbele kwenye usukani, pembe ndiyo kioo cha pembeni

20:42 Mwanahawa: Nyie 😂😂 tumbo langu

20:44 Ma'mdogo Nesi: Nauliza bila kicheko. Salim, ule mpimo wa damu niliokuambia mwezi wa pili, umekwenda?

20:52 Mjomba Lori: Barabara hiyo nimeipita miaka 22 na semi kwa hiyo mnisikilize. Segera mpaka Chalinze ndipo pabaya, barabara nyembamba na mabasi yana haraka. Ukisikia honi ya semi nyuma yako usigeuke kuangalia, toka nje ya lami kwanza. Dodoma kwenda Singida usiogope upepo, unatoka mashariki, utakusukuma mgongoni. Sekenke watu watakutisha kwamba ni mlima. Ni mlima kwa anayetoka Nzega. Wewe ukitoka Singida unashuka, na kushuka ndiko kunakoua, kwa hiyo breki mpya zifungwe Singida, si Tanga. Chini ya Sekenke ni Wembere, hakuna kivuli hata cha kuku. Beba maji.

20:55 Mjomba Lori: Ukishavuka daraja la Rusumo, mpakani, unahamia KULIA. Rwanda wanaendesha kulia. Nimeona madereva wazima wenye leseni wamesahau hapo, sembuse mtu wa baiskeli aliyechoka siku 17. Na saa yao iko nyuma yetu kwa saa moja. Rusumo mpaka Kigali ni kama kilomita 160, ila hutaona tambarare.

20:56 Mjomba Lori: Gari la kusindikiza ninalo, ile pikapu. Mafuta nani anaweka?

21:03 Da Rehema: Ahsante Mjomba. Sasa turudi kwenye orodha. Namba 6 nani?

21:30 Ma'mdogo Nesi: Hamnijibu basi ngoja niandike kwa urefu. Marehemu Zuhura alikuwa SS, yaani mgonjwa wa sikoseli. Maana yake baba yake na mama yake wote wawili ni AS, kila mmoja alitoa kinasaba kimoja. Salim na mama Zuhura ni tumbo moja, baba mmoja. Kwa hiyo Salim kuwa AS ni nusu kwa nusu, pengine zaidi. AS amebeba kinasaba kimoja tu, si mgonjwa. Anaweza kuzeeka asijue. Lakini mtu wa AS akijichosha kupita kiasi juani, maji yakamwishia mwilini, chembe zake za damu nazo zinaweza kupinda kama mundu. Misuli inaharibika, figo zinakwama. Imeshaua wanajeshi mazoezini, vijana wenye afya kuliko Salim.

21:31 Ma'mdogo Nesi: Simkatazi safari. AS wanakimbia mbio ndefu na wanamaliza. Ila anayejua anakunywa maji kwa saa, anapumzika kivulini mchana, na siku ya kwanza ya joto hashindani na mlima. Asiyejua anajikaza. Na Salim namjua, atajikaza.

21:33 Kibwana: Ma'mdogo umetutia homa wote 😅

22:15 Salim: Nitakwenda Ma'mdogo. Wiki hii.

JUMAMOSI

07:12 Da Rehema: Sabalkheri. Tangazo limetoka kwa mchapaji, hili hapa. Ndilo litakalokuwa mgongoni kwenye jezi. Naomba jibu leo, kesho anaanza kuchapa.

07:12 Da Rehema: [picha]

07:20 Mwanahawa: Maashallah. Mungu amrehemu

07:25 Baba Tatu: Amin

09:48 Mama Zuhura: Rehema, hiyo picha nani kakupa

09:50 Da Rehema: Dada, nilikuwa nayo kwenye simu tangu wakati ule. Niliona ndiyo inayogusa watu.

09:58 Mama Zuhura: Hapo Zuhura yuko wodini na sindano mkononi. Siku hiyo aliniambia mama waambie wasinipige picha nimevimba uso. Nikawaambia. Kumbe mlipiga.

10:02 Mama Zuhura: Na kwa kuwa mmeanza wacha niseme. Zilitakiwa chupa tatu za damu. Niliandika humu humu, Jumanne asubuhi. Pandisheni juu mtaikuta, mimi huwa naisoma. Mlijibu pole dada. Mlijibu inshallah. Mmoja alijibu kesho nina safari. Waliofika ni Salim na Mjomba Lori. Wawili. Chupa ya tatu alitoa askari mmoja aliyekuja kumtazama mkewe, mpaka leo jina lake silijui. Leo kuna jezi.

10:03 Ujumbe huu umefutwa

10:04 Da Rehema: Nimeifuta dada. Naomba radhi. Nilipaswa kukuuliza kabla ya mtu yeyote.

11:36 Kibwana: Wakuu yule mbuzi nimemuuza, namba 5 badilisheni iwe 60,000 🐐✅

11:41 Kibwana: Samahani. Nilikuwa sijasoma ya juu. Samahani sana dada.

14:20 Asha Muscat: Nimeingia kazini asubuhi ndiyo natoka. Nimesoma yote. Dada, mimi ndiye niliyeandika kesho nina safari. Nilikuwa Dar nakuja huku Oman. Sina la kujitetea.

14:24 Asha Muscat: Huku sikoseli iko nyingi, hata wanaotaka kuoana wanapimwa kwanza. Mimi nimepimwa. Ni AS. Sikuwaambia.

14:30 Ma'mdogo Nesi: Ahsante Asha kwa kusema.

16:05 Bibi (simu ya Tatu): [sauti, 2:17]

16:19 Bibi (simu ya Tatu): Bibi kasema niwaandikie wasio na bando, nisipunguze neno. Anasema:

"Nimesomewa yote tangu jana. Rehema, kumpenda mtu ni kumwuliza. Umekosa na umekiri, basi. Mwanangu mama Zuhura, ulipoandika ile Jumanne mimi pia nilisomewa. Nilikuwa na sauti ya kuwatuma watu wote wa nyumba hii na sikuituma. Nilidhani watakwenda wenyewe. Hilo ni langu, na nitakuja kwako nikuambie tukiwa tumekaa, si kwenye simu.

La pili. Nimezaa saba. Wawili niliwazika hawajafika miaka minne, walikuwa wanalia mifupa, macho ya manjano. Tulichoma ubani, tulikwenda kwa waganga mpaka Maramba. Wengine walisema ni jicho, wengine walinitazama mimi. Leo Nesi kanisomea maandishi yake na nimekaa nawahesabu upya wanangu.

Salim hapandi baiskeli mpaka majibu ya damu yaje niyasikie kwa masikio yangu. Na jina la Zuhura lisiandikwe kwenye nguo ya mtu mpaka kila mwenye damu kwenye ukoo huu aende akatoe chupa. Hela zenu wekeni kwanza."

17:40 Da Rehema: Shikamoo Bibi. Tumesikia.

18:02 Mjomba Lori: Tumesikia mama.

21:10 Da Rehema: Naona watu 38 wamesikiliza.

JUMAPILI

08:00 Da Rehema: Sabalkheri. Nimempigia mchapaji asimamishe. Kwa hiyo kwa neno la Bibi, orodha ni hii sasa. Jumanne saa mbili asubuhi, hospitali ya Bombo, benki ya damu. Mle kabla ya kuja na mnywe maji. Mimi napanda basi la kwanza Jumatatu kutoka Dar.

DAMU (nakili, ongeza jina)
1. Rehema
2. Baba Tatu
3. Mwanahawa
4.

08:15 Ma'mdogo Nesi: Mwanahawa ananyonyesha, mtoeni. Na watu wa presha wasije kujikaza, waje waulizwe kwanza. Wanaotaka kupimwa kama ni AA (hana kinasaba hicho) au AS waniambie leo nijue idadi. Watoto kama 11,000 wanazaliwa na sikoseli kila mwaka nchini mwetu na wengi wana wazazi ambao hawakuwahi kujua wamebeba nini. Nyie mna bahati, mmeshajua pa kuanzia.

08:40 Kibwana: Namba 3 niweke mimi. Na kupima pia. Sina utani leo.

10:22 Kaka Idi: Bibi shikamoo. Nimesikia.

10:24 Da Rehema: Kaka Idi, umesikia unakuja au umesikia tu?

13:00 Baba Tatu: Tarehe 1 Juni ibaki au inasogea? Maana Salim wiki hii hafanyi mazoezi, na mvua hizi.

13:06 Da Rehema: Inabaki. Lazima afike tarehe 19.

13:09 Ma'mdogo Nesi: Inategemea majibu.

13:10 Da Rehema: Inabaki INSHALLAH.

13:30 Mjomba Lori: Mafuta ya pikapu niliuliza tangu Ijumaa.

15:47 Asha Muscat: Mimi siwezi kuja Jumanne lakini nimeandikisha jina kutoa damu huku huku Muscat, kama watanikubali. Bibi atakubali ihesabiwe?

15:50 Bibi (simu ya Tatu): Bibi kasema damu haina pasipoti, itoe.

18:20 Mama Zuhura: Picha ile isirudi tena popote. Ipo nyingine. Yuko kwenye keria ya Salim, Raskazone, kashika jino lililong'oka anacheka. Ila iko kwenye simu yangu ya zamani na simu haiwaki.

18:22 Baba Tatu: Kuna kijana fundi barabara ya tisa, alifufua ya kwangu iliyoanguka kwenye ndoo. Kesho anafungua saa tatu.

18:23 Mama Zuhura: Sijasema itumike. Nimesema ipo.

18:24 Da Rehema: Sawa dada. Hatugusi.

18:40 Salim: Dada niko Muheza, mvua kubwa, nimejibanza kwenye baraza la duka. Ikikatika napitia kwako niichukue simu, asubuhi niwe wa kwanza kwa fundi.

18:41 Ma'mdogo Nesi: Salim! Muheza unafanya nini na umeambiwa usipande?

18:43 Salim: Nimekuja kwa daladala Ma'mdogo, kufuata spoki. Baiskeli ameichukua Bibi tangu jana jioni, iko chumbani kwake na ufunguo kaufunga kwenye pindo la khanga.

18:50 Mjomba Lori: Na mafuta?