Mdogo wangu kavunjika mfupa wa shavu, naogopea mishipa ya fahamu, naomba ushauri

Wadau habarini, naombeni mnisaidie mawazo. Mdogo wangu ni mtu wa boda, Jumamosi usiku aligongwa na matatu pale Roysambu, siti skani ikaonyesha mfupa wa shavu la kushoto umevunjika na kuzama ndani. Mdomo haufunguki vizuri, na kuanzia chini ya jicho mpaka mdomo wa juu na meno ya mbele hasikii kitu, jana chai ilimuunguza na hakujua mpaka mama akaona lengelenge.

Daktari anasema hiyo ganzi ni mshipa unaopita chini ya jicho, umebanwa, na mara nyingi hurudi polepole mfupa ukishainuliwa. Sawa. Kinachoninyima usingizi ni ule mwingine wa kukunja uso, maana tawi lake moja linapita juu ya mfupa huo huo kwenda kwenye paji, likiguswa vibaya nyusi haiinuki tena. Wanataka kuingilia ndani ya mdomo juu ya ufizi na kachale kadogo kwenye nywele pembeni ya kichwa, wafunge na pleti na skrubu za titani, wanasema hivyo wanaukwepa. Wanangoja uvimbe ushuke ila zisipite wiki 2 hivi, mfupa usije ukaunga vibaya.

Kuna mtu amefanyiwa hii hapa Nairobi? Ganzi iliisha baada ya muda gani? Na nimuulize daktari nini kabla hatujasaini? Leo ni siku ya 5 tayari, tafadhalini.